Jogoo wa Ezelina

Heshima nayo inaweza kumtesa mtu. Kwa miaka mitatu Ezelina Jere, mkunga kutoka Nyasa, ng'ambo ya mpaka, aliishi peke yake Igowole, na hakuna Mhehe hata mmoja aliyewahi kumkosea adabu. "Kamwene, nesi," walimwamkia, wakapita. Jogoo wake mwekundu akiingia shamba la watu na kupekua mbegu, walimrudisha kwa mikono miwili, tena wao ndio wakaomba radhi!

Kisimani wanawake walitaniana mpaka ndoo zikamwagika. Yeye akifika, kimya, kila mtu anampisha atangulie. Jioni alikula ugali wake akitazamana na ukuta. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu, lakini hawasemi mgeni mwenyewe atapona lini. Basi akaaga kazini, akafunga sanduku. Jumatatu angepanda basi la Mbeya, kisha avuke mto Songwe mpakani arudi kwao.

Jumamosi akafariki jirani yake, Mzee Didas. Kesho yake Ezelina akaenda mazikoni kutoa pole na kuaga papo hapo. Alikuta kaburi liko tayari, jeneza limewekwa kando, na watu hawaziki.

"Kuna nini?" alimuuliza Crispin, mtoto mkubwa wa marehemu.

"Hatuna mtani, nesi. Fanueli, yule Mngoni wa Songea, amekwenda kwao. Sasa baba azikwe bila mtani, kama mtu aliyeokotwa njiani?"

Wahehe na Wangoni walipigana zamani hadi wakachoka, kilichobaki ni utani, wa kutukanana na kuchukuliana vitu bila kuombana, na msibani kazi ya mtani ni kuwachokoza wafiwa mpaka wacheke. Mtu aliyeokotwa njiani! Ezelina alihisi maneno yale yamemlenga yeye. Na babu yake kule kwao Mzimba, si alikuwa Mngoni wa kujipiga kifua? Watu wa Igowole walimjua kuwa Mnyasa, basi. Wao hawakuuliza, naye hakusema, akidhani mambo ya makabila hayamfai nesi.

Wakikasirika je? Liwalo na liwe. Akavua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akashuka kaburini na kulala chali.

"Sitoki! Mimi ni Mngoni, ukoo wa Jere, na huyu Didas haingii humu! Babu yake alimkimbia babu yangu akaacha ugali jikoni. Na yeye mwenyewe kanisani alikoroma kuliko kinanda! Mnataka niwapishe? Nileteeni jogoo!"

Mchungaji akafunga Biblia. Kisha mjane, Mama Lea, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafungua mdomo, akaangua kicheko.

"Kweli alikoroma! Mtoeni huyo mwizi wa ng'ombe!"

Makaburi yote yakavuma kwa vicheko. Crispin na nduguze wakamvuta mikono, naye akang'ang'ania udongo akiwasimanga mmoja mmoja.

"Toka, Mngoni we! Jogoo utamla!" Crispin alimwahidi, machozi yakimtoka, ya msiba na ya kicheko. Mzee Didas akazikwa kama mtu mwenye watu wake.

Jumatatu alfajiri Ezelina alishika sanduku, akatoka nje. Mbona kimya? Banda lilikuwa wazi na jogoo hayupo. Manyoya mekundu yalikuwa yamedondoka njia nzima hadi kwa Crispin, na jikoni kwake moshi ulikuwa unafuka. Hakuna hata aliyejisumbua kuyaokota.

Wamemwibia! Bila hodi, bila samahani, wamemwibia! Ezelina akaketi kizingitini akalia kwa furaha, wala hakuona haya. Basi likapiga honi barabarani, likapiga tena, likaondoka.

"Mngoni!" Crispin aliita kutoka ng'ambo ya shamba. "Jogoo niliyekuahidi ameiva! Usipokuja tunammaliza!"

Ezelina akafungua sanduku, akatoa sahani yake kubwa kuliko zote, akaenda mbio, akimtukana njia nzima.