Ng'ombe Aliyelamba Ukuta

Mke wa fundi alidhani ni panya. Kila akiingia kufagia chumba cha mama mkwe wake alikuta vumbi la udongo chini ya kitanda, na ukuta uliopakana na zizi ukizidi kumung'unyuka. Asubuhi moja, akiwa ameinama na fagio, tofali bichi likasukumwa ndani. Ikafuata pua yenye unyevu, kisha ulimi mrefu wa kijivu.

"Usimtishe," mama mkwe akasema kutoka kitandani. "Amekuja kuniamkia."

Mke wa fundi akabaki ameduwaa. Tangu afiwe na mumewe, mama huyu alikuwa mtu wa ndiyo na hapana. Alikula, akashukuru, akageukia ukutani. Kumbe ukutani alikuwa na mwenzake.

Fundi aliporudi kutoka kazini na kuonyeshwa lile tundu, alijishika kiuno. "Nawajengea watu nyumba, halafu mama yangu analala chumba kimoja na ng'ombe. Uso nitauweka wapi? Kesho naziba."

"Ukiziba hapa atalamba pengine," mkewe akasema.

Yeye ndiye aliyekuwa akikamua, na aliyaona mengi. Ng'ombe alikuwa ametafuna kandambili, amelivuta shati kwenye kamba ya nguo, na juzi mke wa fundi alimkuta akiguguna mfupa. Maziwa nayo yalikuwa yakipungua, ingawa hori halikukosa kitu. Akamwita daktari wa mifugo.

Daktari, mwanamama asiye na maneno mengi, alimpapasa ng'ombe mbavu, akamwangalia kinywani, kisha akachungulia horini.

"Mnamlisha nini?"

"Majani, mabua na pumba. Anashiba kabisa."

"Kushiba anashiba. Lakini kila ukimkamua unamtoa madini mwilini, na mabua hayamrudishii. Amepungukiwa fosforasi na chumvi, ndiyo maana anayatafuta ukutani. Mifupa mwondolee, itamletea ugonjwa."

Aliacha unga wa madini wa kuchanganya na pumba, pamoja na jiwe la kulamba. Akamwonyesha mke wa fundi kijiko cha kupimia. "Usizidishe kwa kumpenda. Yakizidi nayo yanadhuru."

Haukupita muda mrefu, ng'ombe akauacha ukuta. Manyoya yakalala, maziwa yakapanda. Fundi akaziba tundu, akalisawazisha hadi usingejua lilikuwa wapi.

Nyumba nzima ikafurahi, isipokuwa mtu mmoja. Sahani ya mama mkwe ilianza kurudi jikoni nusu. Mke wa fundi akaenda kuketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Nilizoea kuamkiwa."

"Mlikuwa mnaongea nini?"

Mama mkwe akanyoosha shuka kwa kiganja. "Habari za baba yenu. Nyinyi nikiwaambia mtalia, halafu nianze kuwabembeleza. Yule alikuwa analamba tu."

 Jioni mke wa fundi alimwambia mumewe atoboe ukuta ule upya, safari hii aweke dirisha.

"Saruji yenyewe haijakauka vizuri," fundi akalalamika.

"Basi hutapata taabu kuivunja."

Fundi akacheka, akaenda kutafuta patasi. Alitia fremu na kibao cha kufunga na kufungua, na mkewe akalining'iniza jiwe la kulamba upande wa zizi, chini kidogo ya dirisha. Ng'ombe akalifuata huko. Mama mkwe akaomba kigoda.

Siku moja mke wa fundi akiwa anakamua, akamsikia mama mkwe akisimulia jinsi baba mkwe alivyokwenda kuposa akiwa amevaa viatu vya kuazima, vikambana, akaondoka navyo mkononi. Akajitahidi kukamua bila kelele.

"Na wewe unayekamua," sauti ikatoka dirishani, "usijifanye husikii. Sogea, nakaribia pale mjomba wake alipovidai viatu vyake."

Akakibeba kigoda chake na ndoo, akasogea.