Askari Wangu Wamezidi

Mwaka 2013 nilivimba kuanzia miguu hadi uso, na kijiji kizima cha Kitahana kikanisifu. "Ernesta umenawiri! Dionis anakulisha nini?" Nami, mjinga, nikafurahi. Kumbe yalikuwa maji. Moyo ulishachoka kusukuma damu.

Hospitali kule Kibondo walinipa vidonge vya kukojoa. Maji yakatoka, na ndani yake hakukuwa na mtu, mifupa tu. Hapo sifa zikaisha.

Siku ya kliniki nilisindikizwa na wifi yangu Recho. Nilimuuliza Dokta Ghati, aliyehamishiwa kwetu kutoka Mara, kwa nini nakula na bado nakonda.

"Moyo ukichoka hivi, mama, mwili unadhani umevamiwa. Askari wa mwili wanatoka, na adui hayupo. Wanawasha moto, kuni ni nyama yako mwenyewe. Meza dawa, kula vizuri, punguza chumvi."

Recho alishika neno moja tu: askari wa mwili. Redio ilishatufundisha kwamba wakitajwa hao, ni ukimwi. Jioni hiyo nikatengewa sahani yangu peke yangu, ile ya bati iliyobambuka, karibu na mlango. Recho akamwambia kaka yake, nikisikia, anirudishe kwetu Rungwe Mpya nikafie huko.

Mume wangu Dionis akakodolea macho ugali. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko maneno ya dada yake.

Niliinuka, pumzi ikinikatika, nikabeba sahani yangu nikaketi katikati yao.

"Wifi, umesikia nusu. Wenye ugonjwa huo askari wao wanapungua. Wangu wamezidi, wanapigana na nyumba yao wenyewe."

"Ego, kumbe ni hivyo!" Recho akacheka kwa nafuu. "Si ungesema mapema? Basi sogea, ule na sisi."

Nilimwona anavyofurahi kuniruhusu, hasira ikanipanda upya.

"Sijamaliza. Hata wangekuwa wamepungua, ningekula hapa hapa. Kuta hizi nilizikandika kwa mikono hii."

Nikachovya tonge kwenye maharage yao, nikaonja, nikamsukumia Recho ile sahani ya bati.

"Hii kawawekee kuku maji. Na kuanzia kesho chumvi ni kidogo."

"Kwa wote?"

Dionis ndiye aliyejibu, akinisogezea bakuli. "Sufuria si ni moja?"