Moto Uliotoka Bokoli

Mvua ilianza Kamukuywa na haikuwa na haya. Ilimpiga Nasambu usoni, ikamwingia kifuani, ikatafuta njia ya kuufikia mtungi aliokuwa ameukumbatia chini ya gunia. Ndani ya mtungi, juu ya majivu, kulikuwa na makaa matatu. Hayo ndiyo yaliyobaki ya baba yake.

Mzee huyo alipofukuzwa shambani kwake Kiminini ili mzungu apate pa kulima mahindi, aliacha ng'ombe, akaacha makaburi, akabeba moto wa jikoni mpaka Bokoli. Miaka ishirini haukuzimika. Sasa mzee alikuwa amekufa, na wafuasi wa dini yake, watu kama thelathini, walikuwa siku ya pili njiani kuupeleka Mlima Elgon na kumwomba Wele, Mungu wa wazee wao, awarudishie ardhi. Moto wa namna hiyo hauwashwi upya kwa kiberiti. Ukizimika, nyumba ya mzee imekwisha.

Mbeba moto alikuwa na miiko miwili: hapigani, wala hageuki nyuma mpaka afike. Bokoli nzima ilijua jinsi mkono wa Nasambu ulivyo mwepesi. "Huo wa pili nitauweza," alisema, na watu wakacheka.

Walipokaribia Kiminini hakuna aliyecheka. Askari kanga wanane, polisi weusi wa serikali, waliziba barabara kwa marungu, na nyuma yao mzungu alikaa juu ya farasi ndani ya koti la mvua. Aliyetangulizwa kuzungumza alikuwa Wekoye, mdogo wake Nasambu, tumbo moja, aliyekwenda kutafuta kazi Kitale akapata hiyo ya uaskari.

"Rudini," alisema bila kumtazama dada yake. "Bwana amesema dini yenu imekatazwa. Hapa hakuna kupita."

"Ati hakuna kupita? Hii barabara si tulichimba sisi?" akajibu mzee Mukhisa, kiongozi wa safari.

Rungu lilimpata mdomoni kabla hajaufunga. Alianguka akitema meno, na hapo askari wakawavamia watu kama wanaopura maharagwe. Mama mmoja alivunjwa mkono akiwa bado anaimba. Nasambu alipigwa mgongoni, akapigwa begani, akainama juu ya mtungi. Hasira ilimpanda, lakini akaukumbuka mwiko, akazidi kuukumbatia mtungi.

Mzungu akaunyooshea mtungi kiboko. "Mwaga ile!"

Wekoye akaja. "Yaya," alimwita, kama walivyoitana utotoni, "nipe tu. Watakuua, bana."

"Unajua huu ni moto wa nani?"

"Najua. Nipe."

Akaushika mtungi. Mkono wa Nasambu ukamtoroka. Aliunyanyua mtungi akampasua nao kipaji cha uso, ukavunjika vipande vipande. Makaa mawili yaliingia topeni yakafuka moshi, yakafa. Nasambu alipiga yowe, maana aliyeyaua ni yeye, si mzungu.

La tatu lilidondokea kwenye kishungi cha nyasi. Wekoye, damu imemjaa machoni, alijitupa chini akalifumbata kwa kiganja, kisha akakifunika kwa kingine mvua isilifikie. Nyama yake ikanuka.

"Tupa!" mzungu akafoka.

Hakutupa. Askari wenzake wakamgeukia, wakamshushia marungu mgongoni. Nasambu akatambaa mpaka kwake na kigae kilichobaki na majivu. Wekoye alipokifungua kiganja, ngozi ilitoka pamoja na kaa.

"Enda, yaya. Mimi nitawashika."

Akawakumbatia miguu askari wawili waliokuwa karibu. Nasambu akaingia kwenye mahindi, mahindi yaliyoota juu ya makaburi ya babu zake, akakimbia ameinama juu ya kigae. Nyuma yake marungu yalikuwa yakigonga mfupa. Baadaye yakawa yanagonga kitu laini.

"Nasambu!" Wekoye aliita.

Nasambu alitaka kurudi. Alitaka kumng'oa mzungu farasini kwa meno yake. Akapuliza kaa, likawa jekundu.

"Yaya!" Sauti ilikuwa ndogo sasa.

Nasambu alilia kwa sauti, akatembea kuelekea mlimani, wala hakugeuka.