Mto Kwenye Mengineyo

Kabla kikao hakijaanza, mhandisi wa mji alipangusa kiti chake kwa leso, maana vumbi lilikuwa la tangu kikao kilichopita. Mwenyekiti, mtu wa serikali, alikuwa amevua viatu chini ya meza kwa sababu vilimbana. Bwana wa kampuni ya saruji alikuja na maji yake ya chupa.

Shauri lilikuwa moja. Mvua za siku hizi hazina simile, na ukuta wa kampuni umeziba njia ya mto. Serikali itoe amri, kampuni ibomoe, mji uchimbe mfereji. Wasipokubaliana leo, bondeni hakukaliki, na bondeni ndiko anakoishi mdogo wake mhandisi na mapacha wake.

"Serikali ikitoa amri, sisi tunabomoa hata kesho," alisema bwana wa kampuni.

"Amri tutatoa tukiuona mfereji," akajibu mwenyekiti.

"Nichimbe mfereji unaoishia ukutani, ndugu zangu? Maji yapande ngazi?"

Wakacheka. Ndipo mto ukaingia. Ulipita chini ya mlango, ukajikusanya, ukavuta kiti, ukakaa, mapajani una ndala moja ya mtoto.

"Karibu," alisema mwenyekiti. "Una hoja?"

"Ninayo. Nipisheni njia."

"Haimo kwenye ajenda. Tutakuweka kwenye Mengineyo."

Mto haukubisha. Ulisubiri, huku maji yakiwafika vifundoni. Mwenyekiti aliweka viatu vyake mezani, wakaendelea kubishana kama waandike "kubomoa" ukuta au "kuupunguza".

"Mwenyekiti, tuanze na Mengineyo," mhandisi alisema. "Nakuomba, kaka."

"Utaratibu, mama, utaratibu."

Walipofika kwenye Mengineyo, chakula cha mchana kilikuwa kinapoa. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono kuahirisha. Bwana wa kampuni akanyoosha mkono. Mhandisi akaona yuko peke yake, akanyoosha na wake.

Mto ukasimama. "Basi mimi natangulia," ukasema, ukatoka kupitia dirisha la upande wa bondeni.

Mhandisi akapiga simu. "Mdogo wangu, toka na watoto! Mto unakuja!"

"Umeshafika, dada. Tumepanda juu ya paa la jirani. Umebisha hodi vizuri tu, una adabu kuliko nyie."

"Na nyumba?"

"Ndiyo hiyo inaondoka na maji. Mto unasema na wewe ulinyoosha mkono."

Mhandisi akakata simu. Nyuma yake wenzake walikuwa wanapanga tarehe ya kikao kijacho, wakamuuliza kama mwezi ujao unamfaa. Akasema unamfaa.