Kocha Pantaleo Hajafungwa

Kuanzia Nyahanga hadi Masumbwe ulikuwa unaambiwa hivyo, na ukibisha unaulizwa umetokea wapi. Misimu minne Kocha Pantaleo alikuwa ameizungusha timu yake ya raga ya wanawake kwenye minada na viwanja vya shule, mechi thelathini na moja, na zote kashinda. Matokeo ya mwamuzi ni jambo jingine, tena dogo.

Maana Kocha hahesabu pointi. Anahesabu watu. Kwa Wasukuma, ngoma mbili zikishindana huchezwa kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na iliyovuta watu wengi ndiyo imeshinda. Kocha, mjanja huyo, akaihamishia sheria hiyo kwenye raga. Timu ikichapwa thelathini na nane kwa sifuri, yeye yuko pembeni, njuga miguuni, filimbi mdomoni, anaruka mpaka kijiji kizima kihamie kwake. Kisha anawageukia wachezaji waliochubuka magoti: "Hongereni, tumewamaliza!" Redio zikamhoji. Makocha wa Kishapu nao wakanunua njuga. Mpira hawana mpaka leo.

Nahodha wake, Loveness, alikuwa na miaka thelathini na tatu. Mchana alipakia mawe ya dhahabu kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, jioni alikuwa mazoezini, na daktari alishamwambia huo ndio msimu wake wa mwisho. Alitaka kitu kimoja tu: kushinda. Kushinda kwa pointi, kama watu wengine duniani. Mara moja tu, basi.

"Shikamoo, Kocha," alimwambia kabla ya mechi ya mwisho, pale Masumbwe, dhidi ya timu kutoka Mwanza. "Tumejifunza skramu wenyewe, miezi mitatu. Leo tuache tucheze."

"Marahaba, mwanangu. Skramu?" Kocha alicheka huku akifunga njuga. "Nani atatoka nyumbani kuja kuangalia wanawake wanasukumana? Haya, sukumaneni. Watu niachieni mimi."

Wakasukumana. Mwanza wakapata trai, pointi tano, akina Loveness wakajibu, Mwanza wakaongeza: kumi kwa tano. Dakika ya mwisho skramu ikasogea hatua moja, ikasogea nyingine, wale wa Mwanza wakaanza kurudi kinyumenyume, na Loveness akalala na mpira ng'ambo ya mstari, katikati ya milingoti. Zuhra, mpigaji wao, akapiga mkwaju wa pointi mbili, ukapita. Kumi na mbili kwa kumi. Mwamuzi akapuliza filimbi.

Loveness akainuka kupokea shangwe. Shangwe ya nani? Mwanza walikuwa wamekuja na mcheza ngoma mwenye chatu, na Masumbwe yote, wauza miwa, watoto, mpaka mwenyekiti wa mtaa, ilikuwa upande ule ikitazama chatu akibusiwa mdomoni. Mstari wa mbele kabisa alisimama mama yake mzazi, aliyepanda basi kutoka Kahama kuja kumwona bintiye. Upande wa Kocha alibaki mbuzi mmoja, naye kwa sababu ya kamba.

Kocha alikaa chini akavua njuga. Alikuwa akilia, mtu mzima yule.

"Umeniua, Loveness. Miaka minne!"

"Kocha, tumeshinda! Muulize mwamuzi!"

"Mwamuzi ni mtu mmoja."

Jumapili yake wakubwa wa michezo walimkabidhi Kocha timu ya mkoa aipeleke ziara ya Uganda. Wakamsifu: kafungwa mara moja tu, tena kwa ukaidi wa nahodha. Ukumbi ukamwonea huruma, ukampigia makofi. Loveness alitoka kabla ya soda.

Nyumbani mama alimpakulia ugali.

"Pole kwa kufungwa, mwanangu."

"Mama! Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Ila lile chatu, jamani, lilikuwa linene."

Loveness alisukuma sahani kando. Akamsimulia mechi yote tangu dakika ya kwanza, nani alianguka wapi, skramu ilivyosogea, bega lilivyouma, mkwaju ulivyopita. Alisimulia huku machozi yanamtoka, na mama hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, mama alimrudishia sahani mbele yake, akauliza, kwa upole kabisa:

"Sasa kama mlikuwa mnashinda, mbona hamkutuita?"