Gauni la Nadida

Mji mzima wa Zagazig, kule Misri, ulijua kwamba picha ya zamani ikitaka rangi, inapelekwa kwa Inshirah na kompyuta yake. Watu walimletea babu na bibi zao wa kijivu, naye kwanza aliuliza maswali. Macho yalikuwa rangi gani? Nguo je? Midomo je? Hakuwa na njia nyingine, maana waridi na kijani zikipigwa picha ya zamani zote hutoka kijivu kimoja.

Sasa Shahira, mtoto wake wa kambo, kamletea picha ya marehemu mama yake, Nadida, siku aliyovishwa pete. Alitaka itundikwe sebuleni siku atakayopakwa hina kabla ya harusi yake. Inshirah alicheka kwa meno tu. Pale nyumbani wa kuulizwa rangi alikuwa mmoja, mumewe Hilmi.

"Baba Shahira, hili gauni lilikuwa rangi gani?"

Hilmi aliinama na kikombe chake cha chai. "Kijani hafifu, kile cha pistachio. Lilimeremeta kidogo kifuani."

"Mh! Na macho?"

"Rangi ya asali, hasa akisimama juani."

"Maskini, hujasahau hata kope."

"Umeniuliza, nimekujibu. Unanuna nini tena?"

Kilichomnunisha alikijua mwenyewe. Yeye mwenyewe, siku yake ya kuvishwa pete, Hilmi alimnunulia gauni la kijani cha pistachio, akakataa katakata rangi nyingine. Na macho yake Inshirah yalikuwa ya asali. Kumbe ndiyo sababu alichaguliwa! Nguo ya kuazima haisitiri matako, na yake aliazimiwa kwa maiti. Wivu ukamla usiku na mchana. Mke mwenza aliye hai utamsuta, mtarushiana maneno, roho itulie. Aliye kaburini utamfanya nini? Akamtia Nadida pichani weusi chini ya macho, kisha akaona haya, akaufuta. Picha ikatoka nzuri mno, na hilo nalo likamuuma.

Siku ya hina alifika Wagida, dada yake Nadida. Hata kabla hajavua viatu akaiona picha ukutani.

"Nani huyu?"

"Mama mkubwa, si ni mama huyo!" Shahira alicheka.

"Mama yako gauni lake lilikuwa la waridi, nimelishona kwa mikono hii! Na macho yake meusi ti, kama yako. We Hilmi! Umemgeuza nani dada yangu?"

Hilmi, aliyekuwa akipanga viti, alisimama akaitazama picha, akamtazama Inshirah, akarudi kwenye picha.

"Waridi?" alisema. "Wallahi, nikifumba macho naona kijani."

Inshirah akaelewa. Hakuazimiwa kitu. Ni marehemu aliyevishwa nguo zake yeye, na macho yake. Furaha ilimpanda mpaka akataka kupiga vigelegele.

"Baba," Shahira aliuliza polepole, "sauti yake je, unaikumbuka?"

Hilmi alifumba macho kama anayesikiliza, akatikisa kichwa. Kisha akaketi kwenye kiti kimojawapo, akajifunika uso kwa viganja, akalia mbele ya wanawake.

Furaha ya Inshirah ilikatika palepale. Alimshika Wagida mkono, akamkalisha mbele ya kompyuta.

"Dada, nielekeze. Waridi la namna gani, lililokoza au lililofifia?"

Wagida akaanza kumweleza, naye akawa anapaka, huku hofu imemshika, akijiuliza: yeye akitangulia kufa, Hilmi atamvika rangi za nani?