Kisanduku cha Nikumbuke

Simu ya mke wa kaka yake ilipoita tena asubuhi ile, fundi wa kompyuta alikuwa anakunywa chai, na hakuona sababu ya kuiharakisha.

"Wifi, hiki kidude kimeanza tena. Kila nikifungua sura ya kitabu kinaniuliza jina na nywila. Naandika, kinafungua. Nikienda sura nyingine, kinaniuliza upya. Pale kwenye 'Nikumbuke' nimetia alama mpaka kidole kinauma."

"Pole, wifi. Endelea tu kuandika. Mashine hizi zina wenyewe."

Akakata simu, akajichekea moyoni.

Ugonjwa aliujua, na dawa alikuwa nayo. Kampuni yao ya vitabu vya shule ilipohamishia mafaili yote kwenye seva, kila kompyuta ilitakiwa kuambiwa kwamba anwani ya seva ile ni ya kuaminika. Isipoambiwa, haimtambulishi mtu yenyewe, basi kila faili linamdai ajitambulishe upya. Fundi alizunguka meza zote akiiandika anwani hiyo. Alipofika kwenye meza ya mhariri mkuu, ambaye ndiye huyo wifi yake, akabofya hapa na pale, akajikohoza, akaondoka bila kuandika kitu. Dawa ya moto ni moto.

Maana wifi ndiye aliyeanza. Mama mzazi wa fundi aliishi kwa kaka, na siku moja fundi alimtoa matembezi bila kuaga. Tangu hapo mlinzi akapewa amri. "Nani?" anauliza kwenye tundu la geti, na huku anamjua hata kwa mlio wa viatu. Kisha ampigie simu mwenye nyumba, na binti wa kuzaliwa asimame juani akingoja ruhusa kama muuza ndoo. Fundi akaapa hakanyagi tena pale mpaka wifi mwenyewe aombe poo.

Jambo moja tu lilimkosesha usingizi. Mama alikuwa ameanza kusahau. Majina ya majirani yalikuwa yameshamtoka, ya wajukuu pia. La bintiye bado alikuwa nalo, na kila akimwona alilitamka taratibu, kama anaonja mchuzi. Atanisubiri, fundi alijiambia, na hasira ikamwitikia kwamba ndiyo, atasubiri.

Wiki zikapita. Wifi macho yakamwiva. Alianza kumpigia hata jioni, na fundi akawa anaiacha simu ilie mezani, maana nywila haziozi. Kitabu cha hesabu kikachelewa kwenda mtamboni, mkurugenzi akamsema mhariri wake mbele ya watu. Fundi alikuwa pembeni, anachomeka waya ambao haukuwa umechomoka, na alifurahi, tena alifurahi kwelikweli.

Mchana huo wifi akamfuata kwenye chumba cha seva. Kiti kilikuwa kimoja na fundi alikuwa amekikalia, kwa hiyo akabaki amesimama.

"Najua unaweza kunitengenezea," alisema. "Sema unataka nini."

"Nataka kuingia kwa mama bila kuulizwa mimi ni nani."

Wifi akatoa simu, akampigia mlinzi hapohapo: dada wa mume wangu akija, fungua, usiulize kitu.

"Ila nimekupigia sana jioni, hupokei," alisema.

"Nilijua ni mambo ya mashine."

"Hayakuwa ya mashine. Nenda leo."

Fundi akaenda kwenye meza ya wifi, akaandika ile anwani, mstari mmoja tu. Sura zikafunguka mfululizo bila swali. Wifi hakushukuru, na fundi hakutegemea.

Jioni mlinzi alifungua geti lote kwa mikono miwili. Fundi akapita kifua mbele, viatu vikilia apendavyo yeye, mpaka chumbani kwa mama. Mama alikuwa ameketi kitandani, amesukwa vizuri, kucha zimekatwa. Akamtazama kwa adabu ya mwenye nyumba aliyepata mgeni.

"Karibu. Wewe nani, mwanangu?"

Fundi akalitaja jina lake. Mama akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, akageukia dirishani. Aliporudisha macho, akamwona upya.

"Karibu, mwanangu. Wewe nani?"

Fundi akavuta kigoda, akaketi karibu yake, akajibu tena.